Inchi Moja na Robo ya Mtutu wa Mwalimu Jerono

Shughuli yote iligharimu inchi moja na robo ya chuma, na jina la mtu mmoja. Chuma nilikipima mara mbili, kwanza kwa rula ya karakana, kisha kwa kalipa, na vipimo vikakubaliana. Jina la mtu halina kifaa cha kulipimia, kwa hiyo nitaeleza tu namna nilivyoliona likienda.

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nifike saa mbili asubuhi. Nilifika saa moja kasorobo. Nilikulia mtaa wa Rhonda, na mtu wa Rhonda akisikia kuna kazi mahali, anafika kabla mwenye kazi hajabadilisha nia. Karakana ilikuwa nyuma ya duka la muuza bunduki mwenye leseni, hapo katikati ya mji wa Nakuru. Ulipita mlango wa chuma, ukapita mwingine wa chuma, ndipo ukamfikia mlinzi aliyetaka kitambulisho. Alikisoma changu, akanirudishia, kisha akakitaka tena. Nikampenda mlinzi yule papo hapo. Mama yangu aliuza viazi, na alinifundisha kwamba hesabu ya kwanza ni ya mnunuzi, ya pili ndiyo yako.

Kazi niliyoijua hadi siku hiyo ilikuwa kutengeneza mashine za posho: kubadilisha beringi, kunyoosha shafti, na kukereza, yaani kukizungusha chuma kwenye mashine huku kisu kikikipunguza kidogo kidogo. Aliyenipokea alikuwa Fundi Mkuu. Jina lake analo, lakini karakana nzima ilimwita kwa cheo, nami sitaanza kumvunjia heshima uzeeni. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia nyeupe ya kufuma na koti la kijivu lisilo na doa, jambo ambalo katika karakana ni sawa na kuvuka mto bila kulowa. Ukoo wake ulitoka pwani zamani ukakaa mtaa wa Bondeni, na yeye alikuwa mtu wa Nakuru kuliko mimi. Ila Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na chetu alikinyoosha bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake.

Aliniambia muda wa majaribio ni miezi sita. Mimi ni mtu wa kupatana bei hata nikiwa sina cha kununua.

"Mimi ni mwepesi wa kushika, mzee," nikamwambia. "Tufanye mitatu."

"Mwepesi ndiye ninayemwogopa," alisema. "Tufanye minane."

Nikamwambia sita ni muda mzuri sana.

Miezi hiyo niliitumikia stoo, kupokea bunduki, kuzipaka mafuta na kuandika nambari zake. Sheria ya kwanza ya stoo ilikuwa hii: ukipokea bunduki, ifungue, tazama chemba, ingiza kidole uhakikishe hamna risasi, kisha mpe mwenzako naye atazame na kuingiza kidole chake, hata kama amesimama hapo akikuona. Wageni wengi waliona ni ushamba. Mimi niliona nimefika nyumbani.

Wateja wetu walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na wenye ranchi wa Naivasha na Elementaita, ambao walitaka bunduki ilie tu fisi akifika zizini. Hao hawakusumbua. Halafu kulikuwa na walengaji wa klabu, waliokuwa na uwanja wao wa shabaha kwenye mteremko mkavu upande wa Gilgil. Hao walikuwa kama wanunuzi wa dhahabu. Mlengaji hakuja kusema bunduki imeharibika. Alikuja na karatasi yenye matundu matano, akaweka sarafu juu yake, na kulalamika kwamba tundu moja limechungulia nje ya sarafu.

Kwa wagonjwa wa namna hiyo tulikuwa na kulapu. Aliyewahi kukaa na fundi wa gari amemwona akilapu valvu: anapaka pesti ya kusagia kati ya valvu na kiti chake, anazungusha mpaka vikae pamoja. Sisi tuliifanya kazi hiyo ndani ya mtutu. Ndani humo mna mifereji inayojizungusha kama skrubu, nayo ndiyo inayoipa risasi mzunguko ili iende moja kwa moja. Kiwandani mifereji hiyo ikikatwa huacha mikwaruzo, na mahali fulani mtutu huwa mwembamba, mahali pengine mpana, kwa tofauti ambayo jicho halioni. Risasi ikipita inabanwa, inaachiliwa, inabanwa tena, na ikitoka imeshasahau ilikokuwa ikienda.

Dawa yake ni madini yenyewe ya risasi, yale laini. Unaingiza ndani ya mtutu fimbo ya chuma yenye ncha ya makato, ukiwa umeizungushia uzi wa pamba chini kidogo ili kuziba, kisha unamimina risasi iliyoyeyuka. Ikiganda unapata kizibo chenye sura kamili ya mtutu ule, mifereji na yote, ambacho hakiwezi kuukaa sawasawa mtutu mwingine wowote duniani. Unakipaka mafuta na pesti, halafu unasukuma na kuvuta, unasukuma na kuvuta. Mpini wa fimbo una beringi, kwa hiyo fimbo inajizungusha yenyewe kufuata mifereji. Kazi ya mkono ni kusikia. Penye wembamba fimbo inakuwa nzito. Unakaa hapo, unasugua kwa hatua fupi mpaka uzito wake ulingane na wa jirani. Kizibo kikilegea unamimina kingine na kutumia pesti laini zaidi, na mwisho kabisa unang'arisha kwa kitambaa cha pamba na mafuta. Lakini usizidishe. "Hatutafuti kioo," Fundi Mkuu alizoea kusema, "tunatafuta usawa." Mtutu uliong'arishwa kupita kiasi hushika shaba ya risasi kama sufuria inavyoshika ukoko wa ugali.

Na kulikuwa na sharti moja lililozidi yote: kizibo kisitoke nje ya mdomo wa mtutu. Ncha ile ndiyo inayoiaga risasi, na ikipanuka hata kwa unywele, kazi yote ya nyuma imekuwa bure. Viwandani hulapu mtutu ukiwa bado mrefu, kisha hukata ncha zilizopanuka na kuzitupa. Sisi tulilapu mitutu iliyokwisha kukatwa, hatukuwa na inchi za kuchezea. Ndiyo maana kila fimbo ilikuwa na kola, pete ya chuma yenye skrubu, ambayo uliifunga mahali ambapo fimbo itagota kabla kizibo hakijachungulia nje.

Nilitolewa stoo nikapelekwa benchi, na benchi nikakaa chini ya mkono wa Fundi Mkuu miaka mitatu. Kila msukumo ulihesabiwa, na ukipoteza hesabu unasimama. Wenzangu walihesabu kwa mdomo. Mimi nilihesabu kwa mdomo, na tena nikahamisha punje ya mahindi kutoka kopo moja hadi jingine kwa kila msukumo. Walinicheka, wakasema siku moja nitachemsha kazi nile. Nikawaambia wao hata wakichemsha zao hawatashiba.

Mwaka wangu wa nne ndipo alipokuja Mwalimu Jerono. Alifundisha hesabu katika shule ya msingi upande wa Njoro, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na macho ambayo yangeona tundu la karatasi upande wa pili wa uwanja bila kukunja uso. Bunduki yake aliinunua kuukuu kutoka kwa mwanaklabu mwenzake, na hakuwa na nyingine. Alikuwa ameitwa kwenye mchujo wa timu ya taifa, wiki tatu mbele. Shida ilikuwa kwamba risasi kumi za kwanza zilikaa pamoja vizuri, halafu zikaanza kutawanyika kama watoto waliosikia kengele. Mtutu mpya ungetoka ng'ambo, na vibali peke yake vingekula miezi.

"Mchujo hauningojei, Fundi," alimwambia Fundi Mkuu. "Mwaka ujao watataka vijana. Hii ikikataa, mimi nimeisha."

Fundi Mkuu akasema Barasa ataufanya. Barasa ni mimi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kulapu bila yeye kusimama begani pangu, na haikuangukia wakati rahisi. Mwezi huo huo faili yangu ya kibali cha ufundi, kile cha jina langu mwenyewe, ilikuwa mezani kwa Afisa wa Leseni. Bila kibali ningebaki mshika taa wa mafundi wengine, na nilikuwa nimehamia mtaa wa Section 58 na mke na mtoto, kwenye chumba kilichotaka fundi kamili alipe kodi yake.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Nilipata mahali pembamba pawili, nikapalainisha. Siku ya pili asubuhi beringi ya mpini ikaanza kukwama. Nikaiweka fimbo ile kando, nikachukua ya pili kutoka ukutani, nikamimina kizibo kipya, nikapaka pesti, nikaendelea. Mdomoni mwa mtutu nilikuwa nimefunga tambara la kupokea mafuta yanayodondoka. Nikahesabu kwa mdomo, nikahesabu kwa punje. Arobaini. Nikapaka pesti tena. Arobaini nyingine. Kuelekea mwisho wa kila msukumo nilisikia fimbo ikiwa nyepesi kidogo, na moyo wangu ukawa mwepesi pamoja nayo. Nilidhani wepesi ule ndio kazi nzuri.

Fimbo ile ya pili niliitumia mimi mwenyewe juma lililotangulia, kwa mtutu mrefu wa mwenye ranchi mmoja. Kola ilikuwa bado imefungwa kwa kipimo cha mtutu ule. Misukumo themanini nilikuwa nimeihesabu mara mbili, na kola sikuipima hata mara moja. Mara themanini kizibo kilitoka nje ya mdomo, kikajificha ndani ya tambara langu, kikarudi ndani na pesti yake.

Sikujua hilo mpaka Fundi Mkuu alipokuja kukagua. Ukaguzi wake ulikuwa wa kusikia, si wa kutazama. Alichukua kipande cha risasi laini, akakiingiza nyuma ya mtutu, akakisukuma taratibu kwa fimbo ya mbao akiwa amefumba macho. Katikati alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kipande kilipokaribia mdomo kikatoka chenyewe bila kusukumwa, kikaanguka mezani.

Alikiokota, akakisukuma tena, kikaanguka tena.

"Barasa," akasema, "huku mwisho umemwachia mtu mlango wazi."

Akaitazama fimbo. Akaitazama kola. Kisha akainua kopo langu la mahindi, akamwaga punje mezani, akazipanga kumi kumi mpaka zikafika themanini.

"Hesabu yako ni sahihi," akasema.

Nilitukanwa sana Rhonda, na watu wenye kipaji. Hakuna tusi lililowahi kunifika kama hilo.

Tulipima. Upanuzi uliingia ndani inchi moja na kidogo, kwa hiyo ilibidi kukata inchi moja na robo ili tuwe na hakika. Kukata kwenyewe kuliwezekana: unakata, unaukereza mdomo upya, na kile kilengeo cha mbele, tulichokiita saiti, unakirudisha nyuma. Lakini urefu wa mtutu umeandikwa kwenye cheti cha bunduki. Huukati kimya kimya. Lazima Afisa wa Leseni aje apime kabla na baada, na aandike ni nani aliyeuharibu na vipi. Afisa yule yule mwenye faili yangu.

Nilimwambia Fundi Mkuu nitajieleza mwenyewe. Akasema hapana. Nikamwambia basi tugawane, yeye aandikwe kwa kutonisimamia, mimi niandikwe kwa kuharibu.

"Unapatana bei na nini?" aliniuliza. "Una nini mkononi?"

"Nina ukweli, mzee."

"Ukweli ni kwamba benchi hizi zote ni zangu, na hiyo kola mimi pia sikuipima. Sasa nisikilize. Wewe una miaka thelathini ya kazi mbele yako, mimi nimebakiza minane. Jina lako likiandikwa leo, kibali hakitoki, na mimi nimepoteza mkono niliouchonga miaka minne. Mwingine nitauchonga lini?"

"Na Mwalimu tutamwambia nini?"

"Mwalimu inambidi amwamini mtu atakayeukata mtutu wake. Mtu huyo ni wewe, kwa sababu macho yangu hayaitoshi tena mashine ile. Akijua ni wewe uliyeuharibu, hatalala mpaka siku ya mchujo, na asiyelala halengi. Nitamwambia ni mimi. Nawe utanyamaza. Si wiki hii peke yake, Barasa. Utanyamaza."

Nikasema sawa. Katika maisha yangu yote hiyo ndiyo bei moja niliyoikubali ya kwanza.

Mwalimu Jerono aliitwa mchana ule ule. Fundi Mkuu alimweleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi ofisini. Alisema amekosea kipimo cha kola na mdomo umepanuka. Hakusema zaidi, wala hakutafuta kisingizio. Mwalimu aliutazama mtutu, kisha akamtazama yeye.

"Watu wote wananiambia wewe ndiye fundi Nakuru nzima," alisema polepole. "Nikakuletea. Wiki tatu, mzee. Zimebaki wiki tatu."

"Kweli."

"Sasa ni nani ataurekebisha? Ni wewe tena?"

"Ni Barasa," akajibu. "Mkono wake ni mtulivu kuliko wangu."

Mwalimu akanigeukia, akaniomba tafadhali. Mimi nikamwambia asijali, mathe, nitautengeneza. Tafadhali ile imekaa kwenye sikio langu mpaka leo, na haina mahali pa kwenda.

Afisa wa Leseni alikuja kesho yake na tepu yake mwenyewe. Alipima mtutu, akauliza ni nani, akajibiwa. Aliinua kalamu, akamwangalia Fundi Mkuu tena. "Wewe? Miaka hii yote?" Fundi Mkuu akamwambia mkono huchoka, afande. Akaandika.

Nilikata asubuhi ya tatu. Nilipima alama mara nne, siku hiyo mbili hazikunitosha. Mdomo mpya niliukereza kwa kuuingiza ndani kidogo kama bakuli, ili ukingo wake usigongwe na kitu, na Fundi Mkuu akasimama hatua tano nyuma yangu. Alipokuja kusukuma kipande chake cha risasi, kilikwenda kwa uzito mmoja toka nyuma hadi mbele, na mwishoni kikataka kusukumwa. Akaniwekea mkono begani, akauondoa haraka kama mtu aliyegusa jiko.

Mtutu mfupi haumpunguzii mtu shabaha kama watu wanavyodhani; huwa mgumu zaidi na hautetemeki sana. Lakini saiti ya mbele ikirudi nyuma, kosa dogo la jicho linakuwa kubwa. Mwalimu ilibidi ajifunze upya. Siku zote zilizobaki alitoka shuleni akaenda uwanjani, akalenga mpaka jua lilipomnyima karatasi. Mwishoni mwa wiki ya pili aliniletea karatasi yenye matundu ishirini. Nikaweka sarafu juu yake. Hakuna lililochungulia.

Kwenye mchujo walichukua wanne, na yeye alikuwa wa pili. Alisafiri, akaiwakilisha nchi, hakurudi na medali. Alirudi na sweta ya timu, na aliivaa darasani mpaka viwiko vikatoboka. Kibali changu kilitoka mwezi huo huo.

Sasa nieleze gharama ile nyingine. Klabu ilikuwa ikitafuta mkaguzi wa bunduki za mashindano, mtu wa kupima kila bunduki kabla ya kushindana. Kilikuwa cheo cha heshima, na kila mtu alijua ni cha Fundi Mkuu. Alikuwa amekisubiri kwa miaka, na nadhani ndicho kitu pekee nilichowahi kumwona akikitaka. Kamati ilipoketi, Mwalimu aliulizwa, akasema alichokijua. Hakusema uongo hata mmoja. Cheo kikaenda kwa bwana mmoja wa Naivasha.

Halafu kila mwaka Mwalimu alileta bunduki yake kwa huduma, na kila mwaka alisema neno lile lile mlangoni, kwa adabu yake yote: "Barasa aishughulikie. Mzee asiiguse." Fundi Mkuu angeinua mikono yote miwili kidogo, kama mtu aliyesimamishwa barabarani, arudi hatua mbili nyuma, achukue tupa na kuanza kunoa kitu ambacho hakikuwa butu. Miaka minane. Mara moja nilifungua mdomo nianze, na alinitazama kwa jicho ambalo lilinifanya niulizie pesti.

Alipostaafu, benchi zake zikawa zangu, na cheo kile cha Fundi Mkuu pia, ingawa sikuzoea kukiitikia. Nilitumwa ranchi za Elementaita na Naivasha kukagua bunduki za walinzi. Nililapu mitutu Molo kwenye baridi ambayo risasi iliganda kabla ya kujaa, mpaka nikajifunza kuupasha mtutu moto kwanza kwa kitambaa cha maji yaliyochemka. Niliona kamera ndogo za kuingia ndani ya mtutu zikifika, nikaziogopa, nikazizoea, nikazipenda. Niliweka sheria kwamba kola hupimwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, kabla pesti haijafunguliwa. Vijana waliiita sheria ya Barasa, wakaniuliza nimeipata wapi. Niliwaambia nimeirithi.

Siku hizi mitutu mingi mizuri inakuja ikiwa imekwisha kulapiwa kiwandani, na kazi yangu imebaki kwa bunduki za zamani na watu wa zamani. Silalamiki. Kazi ilinilisha, ilisomesha watoto watatu, ilinipa nyumba ya kujistahi, na ilinipa mikono inayojua jambo moja vizuri. Nikipanga shukrani zangu kumi kumi, kila kumi la kwanza linaanzia kwa mtu mmoja.

Nilistaafu mwaka jana. Mwezi huu Katibu wa klabu amenipigia kusema wanataka kuniaga kwa chakula cha mchana uwanjani, na msemaji atakuwa Mwalimu Jerono. Naye akanipigia mwenyewe. Ana nywele nyeupe sasa, bado analenga. "Nitawaeleza vile ulivyoniokolea mtutu wangu," alisema, "baada ya yule mzee kuuharibu. Nje ya kamati watu hawakuwahi kujua. Na uje na mgeni wako, nafasi iko."

Nikaenda Bondeni kumwona Fundi Mkuu. Amepita themanini, anaishi na binti yake, na masikio yake bado yanashinda macho. Nilimweleza yote, nikamwomba anifungue kwenye lile neno nililompa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamwita binti yake alete chai, akangoja ifike.

"Lawama ile niliinunua kwa bei yangu," alisema. "Umeona duka gani linalorudisha mali iliyokwisha kuuzwa?"

Nikamwambia mnunuzi amelipa mara nyingi kuliko bei. Akasema hesabu ya mnunuzi si yangu. Nikajaribu tena, nikajaribu mara ya tatu, na nimewahi kuwashusha bei watu wagumu. Hakushuka hata senti. Tukanywa chai. Nilipoinuka kuaga, aliuliza kama Mwalimu bado anaweka tano ndani ya sarafu. Nikasema karibu zote. Akatikisa kichwa vile vile alivyotikisa siku ile katikati ya mtutu, kisha akauliza, bila kunitazama, kama mgeni wangu wa chakula nimekwisha kumpata.

Nikamwambia bado. Akasema atakuja.

Kwa hiyo atakuwa amekaa kando yangu. Mwalimu atasimama na kuyasema mbele ya wanaklabu wote, kwa moyo safi, na mzee atainua ile mikono yake kidogo, na watu watanipigia makofi.

Nawauliza nyinyi mliofanya kazi na watu, hasa mliobebwa na mtu kazini. Nimwendee Mwalimu kule Njoro kabla ya siku hiyo nimweleze faraghani, nivunje neno la aliyenipa maisha? Nisimame pale pale mezani niseme, mzee akinisikia? Ama nilishike neno lake kama alivyotaka, nimwache ale chakula chake kwa amani aliyoichagua mwenyewe? Mke wangu anasema niseme. Ndugu yangu anasema ninyamaze. Chakula ni Jumamosi baada ya ijayo, saa saba mchana. Mwenye la kunishauri, tafadhali anishauri mapema.